Diski ya Pande Zote

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Zuena alifungua mlango wa ofisi ya kijiji cha Ndagoni, akapangusa mavi ya popo juu ya meza kwa gazeti la mwezi uliopita, akawasha kompyuta na kukaa kuisubiri. Kompyuta ile huchukua dakika saba kuamka. Nje, kwenye benchi, walikuwepo watu tisa na mbuzi mmoja. Mbuzi hakuwa na shida yoyote. Alimfuata tu mwenyewe.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee Shaibu, jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie shemeji yangu. Kaja toka Jibondo, yupo pale mpakani kwangu tangu alfajiri, mguu unamgomea."

"Aingie tu, au na kukata?"

"Aingie na akate. Mihogo kidogo."

"Kidogo ya kula au ya kuuza?"

"Ala! Zuena, nawe umekuwa askari? Ya kula."

Zuena aliandika mstari mmoja, akabonyeza. Kilomita moja na nusu kutoka pale, shemeji yake mzee Shaibu, aliyekuwa amesimama njiani na mguu mmoja hewani, aliushusha ndani ya shamba, akasema alhamdulillahi, akaanza kung'oa mihogo.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Ndagoni, mwaka wa nne huo. Ulikuja mradi wa kupima mashamba, ukagawa kofia na fulana, ukaondoka, ukaacha kofia, fulana na kompyuta moja ya Linux yenye picha ya pengwini. Zuena, kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na mwandiko wake ulisomeka, alifundishwa kwa siku tisa. Kila shamba lilipewa folda lake ndani ya kompyuta. Kila folda lilikuwa na mwenyewe, na jamaa za mwenyewe, na watu wengine wote. Na kila kundi lilipewa au lilinyimwa ruhusa tatu: kusoma, kuandika na kuingia. Mafundi wa mradi walisema hayo ni mambo ya kompyuta tu. Ardhi ikayashika bila kuuliza mtu.

Mwenye ruhusa ya kusoma aliliona shamba. Mwenye ya kuandika alipanda, alikata, alijenga. Asiyekuwa na ya kuingia, mguu wake uligoma mpakani hata autukane. Na aliyenyimwa hata kusoma hakuona kitu: aliona ua wa jirani wa huku umeungana na ua wa jirani wa kule, njia ikampitisha, akafika alikokwenda mapema kidogo kuliko alivyozoea. Mtu akifungiwa angali ndani, alijikuta barabarani, yeye na alichoingia nacho. Bwana mmoja aliyesinzia chini ya mnazi baada ya pilau ya harusi aliamka njiani, na sinia lake kifuani.

Wazee walisema afadhali, kesi za mipaka zimepungua. Taabu ilimhamia Zuena. Harusi ikiwa na waalikwa mia tatu, aliwafungua mia tatu asubuhi na kuwafunga mia tatu jioni, na kesho yake ndugu wa bwana harusi walikuja kulalamika kwamba wao walipewa kuingia bila kusoma, wakala bila kuona wanachokula. Alikuwa na miaka thelathini na saba na mgongo wa mtu wa sitini. Alichoka, wallahi. Si ule uchovu wa kulima, ambao mtu hulala akaamka haupo. Huu aliamka nao, wakanywa chai pamoja.

Nyumbani nako alikuwepo mama yake, Bimkubwa, na jambo la shamba namba 118. Shamba hilo ni la Bimkubwa, liko upande wa pwani, na marehemu mumewe alizikwa mle mle kwa wasia wake mwenyewe, chini ya minazi aliyoipanda kwa mkono wake. Kichwani pa kaburi pana jiwe la matumbawe na bakuli jeupe la kauri. Kila mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaandama, Bimkubwa alichukua ufagio na kitabu chake cha Yasini, akaenda kulifagia kaburi na kumsomea marehemu. Huu ulikuwa mwaka wa pili halioni.

"Silioni," alisema akirudi, ufagio hauna hata jani. "Na minazi imepungua. Alipanda arobaini na mitatu. Nimehesabu ishirini na sita."

Zuena alikwenda naye, akatafuta, naye hakuliona. Akasema mvua za masika zimelizika. Alirudi ofisini akafungua folda la 118: mwenyewe, Bimkubwa, ruhusa, zote tatu, hakuna kilichoguswa. Basi akaiamini kompyuta. Alimpeleka mama yake Kilindoni kwa daktari wa macho, wakapewa dawa ya matone, na Zuena akamtilia matone hayo asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Yalipokwisha alianza kuwaambia majirani, kwa sauti ya chini, kwamba bi mkubwa wake kichwa kimeanza kumtoka.

Bimkubwa alisikia. "Mwanangu," alisema, "mimi naweza kusahau nilipoweka miwani. Siwezi kusahau nilipomweka mume."

Barua ilitoka Kilindoni wiki hiyo hiyo. Ofisi ya Mipaka, ambayo ndiyo huweka kumbukumbu za kisiwa kizima, ilitaka mafolda yote ya Ndagoni kwenye diski kabla ya Alhamisi. Barua ya namna hiyo ilikuja mwaka uliotangulia pia, na Zuena hakupenda kuukumbuka mwaka huo. Kompyuta za Kilindoni ni za Windows, ya kwake ni ya pengwini, na diski inayosomeka na zote mbili haibebi ruhusa za mtu. Yeye hakujua. Alimimina mafolda hivi hivi, akapeleka, na kwa siku mbili Ndagoni nzima ilikuwa wazi. Mbuzi walikula mihogo ya kila mtu bila upendeleo. Watu waliamka vitandani mwa watu, wakaombana radhi, wakapeana chai.

Safari hii alipanda bodaboda mpaka dukani kwa Jafferali. Mzee Jafferali mwenyewe alifariki zamani. Aliuza kaniki na mafuta ya taa. Sasa duka ni la mjukuu wake, Samina, ambaye huuza madaftari, wino wa mashine na diski, na hujua mengi kuliko anavyoulizwa.

"Nikupangie ya Windows, ya Linux au ya pande zote?" Samina aliuliza.

"Ya pande zote."

"Ya pande zote haina adabu, dada Zuena, nakwambia kabisa. Haikumbuki nani mwenye nini. Anayeichomeka ndiye mwenye vyote, na kila mtu ana ruhusa zote, mpaka itakapochomolewa."

"Najua. Mwaka jana ilituvua nguo."

"Basi usimimine. Funga kifurushi. Mafolda yote ndani ya faili moja, na ruhusa zake humo humo. Diski itabeba kifurushi bila kujua kilichomo. Na wakifungua kule, wafungulie mahali panapojua ruhusa."

"Na wasipofanya hivyo?"

Samina aliifuta diski kwa kitambaa, ingawa ilikuwa mpya. "Wewe utakuwa umefunga," alisema.

Zuena alifunga kifurushi vizuri, akakikagua mara tatu. Jumatano aliipeleka diski Ofisi ya Mipaka, pamoja na bakuli la visheti alivyovikaanga Bimkubwa, kwa kuwa mtu haendi ofisini kwa watu mikono mitupu. Aliyevipokea vyote viwili ni karani aitwaye Shamsa, binti wa miaka ishirini na tatu, mpole, aliyelelewa na bibi yake. Mkuu wa ofisi alikuwa kwenye kikao ng'ambo. Shamsa alikifungua kifurushi panapostahili, kila kitu kikakaa sawa, akamwambia Zuena arudi kesho achukue diski yake.

Kilichotokea baada ya hapo Shamsa alikieleza mwenyewe siku za mbele, akilia. Visheti alivila, akaliosha bakuli, akatia ndizi sita, maana bibi yake hakumlea arudishe chombo cha mtu kitupu. Kisha akaishika ile diski. Ilikuwa tupu, ameshaifuta. Aliona haya. Diski ya mtu, imekuja imejaa, imetoka Ndagoni kote huko, irudi haina kitu?

Akatazama kwenye kompyuta ya mkuu, ambayo mkuu huiacha wazi kwa jina lake kwa sababu kuandika neno la siri kila mara kunamchosha. Palikuwa na folda lenye picha ya kufuli, jina lake "Ndagoni Pwani". Shamsa akasema, hili ni la kwao, watafurahi. Kompyuta ikamuuliza: diski hii haiwezi kubeba ruhusa za folda hili, uendelee? Akabonyeza ndiyo.

Alhamisi Zuena alichukua bakuli lake la ndizi na diski yake, akarudi Ndagoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Saa tisa alasiri aliichomeka diski kwenye kompyuta, betri ikiwa asilimia arobaini, ili ahakikishe haina kitu. Ilikuwa na folda. Akalifungua.

Ndani mlikuwa na ramani. Shamba namba 118 lilikuwa limekatwa vipande viwili, A na B. Kipande A ni cha Bimkubwa. Kipande B, cha upande wa pwani, kilipewa kampuni moja ya nyumba za wageni kwa miaka tisini na tisa, na tarehe ilikuwa ya miaka miwili iliyopita. Palikuwa na sahihi tatu na mhuri. Mbele ya jina la Bimkubwa, mahali pa kuridhia, paliandikwa: hakupatikana. Bimkubwa hajawahi kulala nje ya Ndagoni tangu alipoolewa.

Zuena alikuwa kwenye ukurasa wa tatu mzee Shaibu alipoingia.

"Zuena, pale kwa mamako pana hoteli."

"Tangu lini?"

"Ya siku nyingi, naona. Makuti yameshaanza kuoza."

Zuena aliacha kompyuta ikiwaka na diski ikiwa palepale, akatoka na mzee Shaibu. Njiani walikutana na watu waliotoka kutazama. Wengine walisema ndiyo maana ya ile harufu ya kahawa. Mwingine alisema yeye alidhani ule mlio wa jenereta uko masikioni mwake, na alikwisha kuutafutia dawa. Njia ya kwenda pwani ilikuwa ndefu kuliko ilivyokuwa jana, na hakuna aliyelitilia hilo maanani.

Hoteli ilikuwa na nyumba sita, bwawa dogo la kuogelea, uzio wa miti na geti. Getini alisimama askari mwenye sare ya kijivu na buti. Alikuwa Matano, mtoto wa mzee Shaibu, aliyeaga miaka miwili iliyopita kwamba anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umenenepa."

"Chakula kipo."

"Mamako analia. Anasema umetutupa."

"Si huwaamkia kila asubuhi mkipita hapa? Hamwitikii. Mama hata shingo hageuzi. Nikasema wameninunia kwa kazi hii, basi."

Mzee Shaibu alifikiri kidogo. "Hatukukuona," alisema.

"Ndiyo najua leo," Matano alisema, akatazama buti zake. Hakuna aliyemwambia alipokuwa akiandikwa kazi kwamba ataonekana au hataonekana. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Kisha akamgeukia Zuena. "Bibi yupo ndani. Leo geti halimkatai mtu."

Walimkuta Bimkubwa karibu na bwawa, mahali ambapo wageni hunawa miguu wakitoka baharini. Palitengenezwa vizuri: bomba la maji, kokoto za mviringo, na jiwe la matumbawe la kukanyagia. Karibu na jiwe kulikuwa na bakuli jeupe la kauri, limewekwa sabuni. Bimkubwa alikwisha kuitoa sabuni, akalipangusa bakuli kwa upindo wa kanga, na sasa alikuwa akifagia zile kokoto, polepole, kutoka kichwani kwenda miguuni.

"Minazi hii hapa," alisema bila kugeuka. "Kumi na saba. Jumlisha na ile yangu."

Zuena hakuhitaji kujumlisha. Alipiga magoti kwenye maji akalia. Alilia kwa aibu, hasa kwa ajili ya yale matone.

"Nisamehe, mama."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Haya, funga hilo bomba, linamlowesha."

Wageni wawili, mke na mume, walikuja na mchanga miguuni. Walimwona bibi kakaa chini na kitabu, wakaelewa wanachoweza kuelewa, wakarudi kunawa baharini. Bimkubwa akaanza Yasini. Mzee Shaibu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikwenda kwenye uzio akang'oa nguzo moja, akailaza chini, akarudi akakaa na mwanawe.

Ofisini betri ilikwisha. Bimkubwa alikuwa hajafika nusu ya Yasini. Wote watatu walijikuta barabarani, Bimkubwa na ufagio wake na kitabu kimefunguka, mzee Shaibu mdomo wazi katikati ya sentensi aliyokuwa akimwambia Matano. Mbele yao ua wa jirani wa huku ulikuwa umeungana na ua wa jirani wa kule. Nguzo ilikuwa imerudi mahali pake, ingawa hapakuwa na wa kuiona.

"Twende," Bimkubwa alisema. "Nitaendelea palepale nilipoachia."

Zuena alijaribu kila alichofundishwa katika siku zile tisa. Umeme uliporudi aliichomeka diski akaona kwamba folda la "Ndagoni Pwani" lina mwenyewe, na mwenyewe ni Zuena. Bila shaka; ndiye aliyeichomeka. Kwa muda wote ambao diski ilikuwa ndani ya kompyuta yake, hoteli ile, na nyumba sita, na bwawa, na jenereta, vilikuwa mali yake, na kila mtu wa Ndagoni aliweza kusoma, kuandika na kuingia. Akaamuru mwenyewe awe Bimkubwa. Kompyuta ikanyamaza. Alipotazama tena, palikuwa vilevile. Akaamuru tena, kwa njia nyingine. Kompyuta ikamwambia kwamba diski hii haina mahali pa kuhifadhi ruhusa. Alijaribu kulihamishia folda ndani ya kompyuta yake, ambako ruhusa huhifadhiwa. Likakataa; akajibiwa kwamba folda hilo linatumiwa na mtu mwingine.

Wazee wakaenda Kilindoni kulalamika. Mkuu wa ofisi aliwapokea vizuri, akawapa soda, akawaambia jambo lao linashughulikiwa. Walikwenda tena, wakapewa soda tena. Mara ya tatu wakaambiwa yupo kikaoni. Shamsa alikuwa kahamishiwa stoo. Siku moja alipanda bodaboda hadi Ndagoni kwa Bimkubwa, na hapo ndipo aliposimulia habari ya ndizi na diski.

"Nisamehe, bibi. Mimi nilirudisha chombo tu."

"Umelelewa vizuri, mwanangu," Bimkubwa alimwambia. "Aliyekulea yu hai?"

"Yu hai."

"Nisalimie." Akampa mkate wa kumimina, wa kupeleka kwa bibi yake.

Majibu yalitoka baada ya wiki tano, kwenye karatasi yenye nembo. Mwenyekiti wa kijiji aliyasoma mbele ya watu. Yalisema kwamba, kufuatia malalamiko ya wananchi wa Ndagoni, ofisi imeridhia kwa moyo mkunjufu kutoa ruhusa ya kusoma kwa watu wote. Ruhusa za kuandika na kuingia zinabaki kama zilivyo. Kwa barua hii, malalamiko yamefungwa.

Mtu mmoja aliuliza kama hiyo ni habari njema. Mwenyekiti aliisoma barua mara ya pili, kisha akaikunja akaitia mfukoni.

Tangu siku hiyo hoteli inaonekana, mvua na jua. Watu wakipita humwitikia Matano salamu zake. Mkewe mzee Shaibu humpelekea mwanawe wali wa nazi, akauweka mpakani, maana mkono wake hauvuki. Matano huja kuuchukua, na sahani hurudi na mikate ya hotelini, myembamba, isiyoshibisha. Kutoka barabarani unaliona jiwe la matumbawe vizuri sana. Unawaona na wageni wakilikanyaga, mguu mmoja halafu wa pili, wakicheka.

Lakini diski ni ya Zuena, alikwisha kurudishiwa, na hakuna barua iliyosema aitoe. Kwa hiyo kila Ijumaa, saa tisa alasiri, hufunga mlango wa ofisi, akaichomeka. Bimkubwa huwa keshafika getini na ufagio. Matano humfungulia, akamfungia bomba kwenye koki kubwa, akawaambia wageni kwa Kiingereza chake kwamba maji hayapo kwa nusu saa. Bimkubwa hufagia, husoma Yasini yake hadi mwisho, humaliza kwa dua, kisha hutoka kwa miguu yake mwenyewe kabla hajatolewa. Zuena hungoja simu ya Matano. Ikilia, huchomoa.

Ilikuwa Ijumaa ya namna hiyo, baada ya Idi, mama na mwana wakichambua mchele barazani, Bimkubwa aliposema: "Pale pembeni yake pana nafasi. Tuliiacha makusudi, mimi na baba yako. Mimi nizikeni pale."

Zuena aliendelea kuchambua. Aliipitisha sheria yote kichwani, kama alivyofundishwa, akitafuta mahali ambapo ingemwachia mtu aliyekufa. Hakupaona. Mtu akifungiwa ndani hujikuta barabarani, yeye na alichoingia nacho. Nguzo ya mzee Shaibu ilirudi. Watachimba, watamlaza mama yake mwanandani, watafukia, watasoma talakini. Na saa ile diski itakapotoka au betri itakapokwisha, Bimkubwa atakuwa barabarani na sanda yake, na waliomzika pembeni yake na majembe mikononi.

"Mama, na makaburi ya msikitini?"

"Yana watu wazuri," Bimkubwa alisema. "Lakini baba yako hayupo."

Kesho yake Zuena alikwenda dukani kwa Jafferali.

"Nataka betri ya kompyuta. Ile kubwa, ya nje."

"Ya saa ngapi?" Samina aliuliza.

Zuena alihesabu kwa vidole juu ya meza ya kioo. "Kuchimba, pale ni mawe, tuseme saa tatu. Kuzika na dua, saa moja na nusu."

Samina aliweka kalamu. "Inna lillahi. Nani kafariki?"

"Hajafa mtu. Yupo nyumbani anakuna nazi."

Samina aligeukia rafu ya betri. Alikuwa anaijua habari. Kilindoni nzima ilikuwa imeisoma. "Ya saa sita ninayo moja," alisema. "Za saa kumi na mbili naagiza Dar."

"Na zikiisha?"

"Unachaji."

"Nataka isiyokwisha."

"Hiyo hawatengenezi, dada Zuena."

Zuena aliichukua ya saa sita, ikafungwa ndani ya katoni, akaipakata kwenye bodaboda njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Ijumaa iliyofuata, saa tisa, alifunga mlango wa ofisi, akaunganisha waya, akaichomeka diski. Dirishani, kwa mbali, aliona geti likifunguka na kanga ya mama yake ikiingia. Bimkubwa alifagia kaburi la mumewe kutoka kichwani kwenda miguuni. Alipomaliza hakukaa. Alisogea hatua mbili, akafagia na pale pembeni, mahali pa kutosha mtu mmoja si mnene, akaokota kokoto moja moja na kuzitupa kando. Ndipo akakaa, akafungua kitabu.

Zuena alitazama pembe ya kioo cha kompyuta. Asilimia tisini na nane.

"Soma, mama," alisema peke yake mle ofisini. "Upo muda."